Jumanne za Kalipa

Chong-Archa, 12 Septemba 2017

Mjomba Kemelbek,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na nyuki wako pia, maana Mama anasema siku hizi ukiulizwa hali unaanza kuzitaja afya zao kabla ya yako. Huku kwetu ni salama. Goti la Mama linamsumbua tangu Idi ya kuchinja, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza ng'ombe atakamuliwa na nani, na wewe na kucha zako hizo? Kaka Taalai amepata binti. Wamemwita Aisuluu. Ana sauti ya kuamsha bonde zima, na baba yake anajisifu kana kwamba yeye ndiye anayelia.

Nimeshika kalamu kwa kuwa nimeambiwa simu huisikii tena hata ikitiwa ndani ya sikio. Basi tuandikiane kama watu wa zamani.

Jambo lenyewe ni hili. Tangu mwezi uliopita nimepewa wodi ya wanawake. Ndiyo, ile yako. Miaka ishirini na minane uliiongoza hospitali hii, na mpaka leo nikitambulishwa watu husema "huyu ni mpwa wa Daktari Kemelbek," kama vile wazazi wangu hawakunipa jina. Sasa imeshuka amri kutoka juu. Kila mgonjwa, kila Jumanne, apewe karatasi yenye maswali kumi juu ya wiki yake: amekosa usingizi, anaogopa, anasikia sauti, amekosa hamu ya kula, na mengine kama hayo. Aweke alama mwenyewe, sifuri ikiwa hapana kabisa, mpaka nne ikiwa ni wakati wote. Sisi tunajumlisha na kuweka nukta kwenye chati. Wiki baada ya wiki nukta zinaunganishwa, unapata mstari. Ukipanda, mateso yamezidi. Ukishuka, mtu anapata nafuu. Na kila baada ya mwezi tukae, tuitazame, tujiulize kama tunachomfanyia kinamsaidia.

Bi Batma, muuguzi mkuu, unamjua. Aliisoma akacheka mpaka akatafuta kiti. "Zuura, tuwaulize wagonjwa wa akili kama tumewatibu? Kesho tutamuuliza kondoo kama kisu kina makali!"

Wewe unasemaje, Mjomba?

Mpwa wako,
Zuura


Tosor, 2 Oktoba 2017

Mpwa wangu Zuura,

Marahaba, mwanangu. Mpongeze Taalai. Mwambie mtoto anayelia ana mapafu, na mwenye mapafu atapanda milima. Mama yako achemshe majani ya mwitu ya mlimani akande goti. Hatanisikiliza, lakini mimi nimesema. Huku matunda yamekwisha kuanikwa, ziwa limeanza kupoa, na mizinga mitatu kati ya kumi na moja imenipa asali ya kutosha kumgombanisha jirani na mkewe.

Kuhusu karatasi yenu. Homa ina kipimajoto. Presha ina mashine yake. Huzuni utaitia kwapani? Mimi nilikuwa nasikiliza ndara. Mgonjwa akiziburuta, bado. Siku akizinyanyua, mwandikie ruhusa aende kwao. Miaka ishirini na minane, na sikuhitaji nukta.

Lakini amri ni amri. Kama huna budi kuuliza, uliza ukiwa umekaa. Usiulize umesimama mlangoni. Aliyesimama anataka jibu fupi, na mgonjwa anajua hivyo kuliko wewe.

Batma mwambie kondoo akijibu anijulishe.

Mjomba wako,
Kemelbek


Chong-Archa, 26 Oktoba 2017

Mjomba,

Shikamoo. Goti linakandwa (usimwambie Mama kwamba nimekwambia). Theluji ya kwanza ilianguka jana ikayeyuka. Aisuluu ametahayarisha ukoo kwa kumkojolea mzee wa msikiti aliyekuja kumwombea dua, na mzee amesema ni baraka.

Ushauri wako wa kukaa chini umefanya kazi kuliko amri yote. Nilikaa. Wiki ya kwanza nilimsomea mama mmoja, mchungaji wa farasi kutoka juu malishoni: "Je, umekuwa na huzuni?" Akanitazama kwa kunihurumia. "Daktari, huzuni ni ya mtu aliyefiwa. Mimi sijafiwa. Mimi nimebanwa hapa," akapiga kifua. Wa pembeni yake akadakia: "Andika basi 'moyo wangu umebanwa', ndivyo watu wanavyosema." Wakaanza kubishana wodi nzima, wanawake ambao sijawahi kuwasikia wakizungumza wao kwa wao. Tulimaliza saa mbili baadaye na maswali kumi mapya, yaleyale lakini kwa maneno yao. Bi Batma hakucheka. Alikwenda kuwaletea chai.

Sasa nikwambie la Kalipa. Ana miaka hamsini na sita, kitanda cha pembeni karibu na jiko. Ameishi humu miaka ishirini na mbili na hazungumzi. Anafuma soksi. Katika faili lake ukurasa baada ya ukurasa kuna maneno yaleyale: "Tulivu. Hana malalamiko." Mengi ni mwandiko wako.

Sikutarajia kitu kwake. Nilimpa karatasi kwa heshima tu, asijione amerukwa. Aliweka soksi chini, akachukua penseli. Ilimchukua dakika arobaini, mkono umekakamaa kama tawi. Aliponirudishia, kila swali lilikuwa na nne. Arobaini juu ya arobaini.

"Anachezea penseli," Bi Batma akasema. Labda. Lakini Jumanne iliyofuata akaweka thelathini na nane, na juzi thelathini na moja. Anayechezea hachagui hivyo.

Unamkumbuka? Alikuwaje alipoletwa?

Zuura


Tosor, 21 Novemba 2017

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimecheka habari ya mzee wa msikiti mpaka jirani akaja kuuliza nina nini. Huku nimefunika mizinga kwa mabaki ya mazulia, nyuki wamelala. Jiko langu linatoa moshi upande usiotakiwa, nimelikemea, halisikii, tumefanana.

Hilo la maswali kwa maneno yao limenifikirisha. Sikuwahi kufikiri kwamba "huzuni" ni neno letu sisi wenye makoti meupe. Mchungaji yule wa farasi, kama ni mtu wa ukoo ninaoudhani, mama yake pia alikuwa hivyo kila vuli. Muulize kuhusu vuli.

Ule kwa wakati. Usikae karibu na dirisha la ofisini, lina upepo.

Kemelbek


Chong-Archa, 10 Januari 2018

Mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Mama ni mzima, sote wazima, ng'ombe kazaa ndama mwenye doa jeupe. Nisamehe nikiharakisha salamu.

Nilikuuliza kuhusu Kalipa. Ulinijibu habari za jiko.

Jana zilitimia Jumanne kumi na nne. Jioni nilikaa na Bi Batma kuchora mstari wake. Nilipounganisha nukta, nikaona milima. Arobaini, kisha inateremka, thelathini na nane, thelathini na moja, ishirini na sita. Halafu ghafla arobaini tena, inateremka vilevile. Mara nne, Mjomba, ingawa wa nne ndio kwanza unateremka. Mtu asiyesema neno miaka ishirini na mbili amechora milima minne inayofanana.

Bi Batma akaenda kwenye kabati, akarudi na daftari la sindano. Akaweka kidole kwenye tarehe, kingine kwenye chati. Kila kilele ni siku moja baada ya sindano yake ya mwezi. "Ya Mungu wangu," akasema. "Mimi ndiye ninayemchoma."

Swali la nne, kwa maneno ya wanawake wetu, linasema: "Ndani yangu kunachemka, siwezi kutulia." Wiki ya sindano anaweka nne, kila mara. Sisi tulimwona ametulia. Dawa imemkaza mwili kwa nje na kumwashia moto kwa ndani. Alipokuwa mezani anafuma niliinama chini ya meza nikamwangalia mguu: unatikisika, unatikisika, bila kupumzika. Bi Batma anasema umekuwa hivyo siku zote, walidhani ni mazoea.

Sijui nikuelezeje nilichohisi. Nimesoma miaka tisa, nimeona mengi. Lakini nilisimama mbele ya karatasi ile kama mtu aliyeegemea ukuta miaka mingi, kisha akasikia mtu wa ndani akibisha hodi. Alikuwa akitupigia hodi kwa tarakimu, kwa sababu ndiyo njia ya kwanza tuliyompa.

Dozi ile imeandikwa Januari 1996. Haijabadilishwa hata mara moja. Sahihi ni yako. Baada ya hapo kuna ukurasa umechanwa.

Mkurugenzi wetu anasema, "Mtu aliyetulia miaka ishirini na mbili usimwamshe." Mimi nataka kupunguza. Niambie kwa nini ilikuwa kubwa hivyo. Niambie kuna nini kwenye ukurasa ule.

Zuura


Chong-Archa, 20 Februari 2018

Mjomba,

Shikamoo. Nilidhani njia ya mlimani ya Dolon imefungwa na theluji. Leo nimekutana sokoni na dereva anayetubebea barua, akaniapia kwamba barua yangu alikupa mkononi, na kwamba uliisoma umesimama barabarani.

Tarehe 29 Januari nilipunguza robo ya dozi. Sikuomba ruhusa. Mkurugenzi ameniandikia onyo. Akinifukuza, nitakuja kukusaidia nyuki.

Z.


Tosor, 6 Machi 2018

Mwanangu Zuura,

Marahaba. Mimi ni mzima wa mwili. Nyuki bado wamelala. Sina habari nyingine, na hata ningekuwa nazo leo nisingejificha nyuma yake.

Majira ya baridi ya mwaka tisini na sita hatukuwa na makaa ya mawe tangu Desemba. Wanawake sitini, wauguzi wawili, na mmoja wao mjamzito. Tuliwalaza watatu watatu kitandani wapate joto. Kalipa alikuwa ameletwa vuli ile. Alikuwa akipiga kelele, akiimba, akimwita mama yake aliyekwisha kufa, anagonga milango. Wiki moja kabla, mwanamke mwingine, Saikal, alitoka akaenda zake kwenye theluji. Hatukumwahi. Mimi ndiye niliyembeba.

Kisha Kalipa naye akavunja dirisha akatoka peku. Huyu nilimpata yu hai. Alipoteza vidole viwili vya mguu. Nilirudi naye, nikakaa ofisini na koti na kofia, nikaandika dozi ambayo ingemfunga hata farasi. Nilitaka aishi mpaka theluji iyeyuke, basi. Niliandika ukurasa wa pili: "Dozi hii ni ya baridi tu. Ipunguzwe mwezi wa nne."

Mwezi wa nne ulifika. Makaa yalikuja, chakula kikaja, na Kalipa amekaa anafuma. Watu waliokuwa hawalali kwa kelele zake wakaniambia, "Daktari, umefanya muujiza." Nami nikapenda kuusikia. Nikasema mwezi wa tano. Nikasema mwakani. Baadaye sikuweza tena kusema, kwa kuwa kupunguza kungekuwa kuuliza, na mimi niliogopa jibu. Nikipita wodini alikuwa ananitazama. Mimi nilikuwa natazama faili. "Tulivu. Hana malalamiko." Nimeandika hivyo mara nyingi kuliko nilivyoandika jina la marehemu mke wangu.

Mwaka nilipostaafu niliuchana ukurasa ule nikaondoka nao. Nimeuweka humu ndani ya bahasha. Urudishe kwenye faili, mahali pake.

Nilikudhihaki kuhusu ndara. Kalipa hakuziburuta, alikuwa amekaa. Ndara za mtu aliyekaa hazina sauti, na sikuwahi kuliwaza hilo.

Sasa nisikilize kama daktari. Usiende mbio. Kila ukipunguza, subiri sindano mbili kabla ya kupunguza tena. Utazame usingizi kabla ya kila kitu. Huenda zile sauti zikarudi na kelele pia, usitishike siku ya kwanza. Mkurugenzi nimemwandikia barua yake peke yake, nimeweka yote, pamoja na sahihi yangu, na nimesema kama kuna wa kuonywa, anwani yake ni Tosor.

Kemelbek


Chong-Archa, 27 Juni 2018

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Mama alilia Idi hii kwa kuwa hukuja, kisha akala sahani tatu. Goti limepona, na anasema ni maombi wala si majani. Aisuluu anatambaa kinyumenyume.

Ukurasa umerudi kwenye faili. Mkurugenzi alisoma barua yako mlango umefungwa, akanirudishia nakala yake ya onyo. Hatujapata kuizungumzia.

Nilifanya kama ulivyosema. Machi nikapunguza tena. Milima ikawa vilima. Bi Batma kila Jumanne alikuwa wa kwanza kujumlisha, anahesabu kwa vidole, hataki mashine. Jumanne moja ya Aprili nilimpa Kalipa karatasi, akaisoma, akainua kichwa. Sauti ilitoka imekwaruza, kama mlango wa ghala.

"Swali la saba limeulizwa vibaya."

Bi Batma aliangusha birika. Nikauliza, "Vibaya vipi, mama?"

"Linasema, 'Sina tumaini.' Tumaini la nini? La kwenda nyumbani au la chakula cha mchana? Mtu ajibu nini hapo?"

Miaka ishirini na mbili na zaidi, Mjomba, na neno lake la kwanza lilikuwa kutusahihisha. Tumelibadilisha swali. Sasa wodi nzima inajibu lake.

Mwezi wa tano kelele zilirudi. Aliimba siku sita, alimwita mama yake, alipiga mlango. Wodi hailali, wauguzi wamechoka, mkurugenzi akaja mwenyewe. "Sasa mnaona? Rudisheni dozi." Na mimi, nikiri, mkono wangu ulikuwa umeshashika kalamu.

Bi Batma ndiye aliyesema, "Ngoja Jumanne."

Tukangoja. Kalipa alijaza akiwa bado anaimba, anasimama, anakaa, anajaza. Ishirini na mbili. Nilijumlisha mara tatu. Bi Batma akajumlisha, kisha mkurugenzi akaichukua karatasi akajumlisha yeye. Wiki yake bora kabisa ya ule utulivu wote, kabla ya kupunguza dozi, ilikuwa ishirini na sita. Yaani mwanamke huyu akipiga mlango na kumlilia mama, anateseka kidogo kuliko alivyokuwa akiteseka amekaa kimya anafuma soksi mbele ya macho yetu. Tulisimama watu watatu wazima na makoti yetu, tukiitazama karatasi ile. Kelele zilikuwa zinatuumiza sisi. Ukimya ulikuwa unamuumiza yeye.

Mkurugenzi akarudisha karatasi kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Endeleeni," akasema.

Kelele zilipita siku ya saba. Jana aliweka kumi na tano. Anakula, anawatania wenzake, anamwambia Bi Batma anatembea kama bata.

Wiki iliyopita aliniuliza: "Yule daktari mrefu, yu hai?"

Nikasema yu hai, ni mjomba wangu.

Akafuma mstari mzima kabla ya kujibu. "Mwambie aje. Aje Jumanne."

Katikati ya Julai sitakuwepo, nimeitwa mji mkuu, Bishkek, kuonyesha chati zetu kwa hospitali nyingine. Lakini yeye hakusema aje nikiwepo.

Zuura


Tosor, 20 Julai 2018

Mpwa wangu Zuura,

Marahaba. Nimekwenda.

Mama yako atakusimulia alivyonilisha. Yeye na yule mtoto wamenimaliza. Mimi nikwambie la Jumanne.

Batma alinipokea mlangoni, tukasalimiana kama watu waliowahi kuiba pamoja. Nilikuwa nimeandaa maneno, nimeyakariri njia nzima mpaka dereva akadhani nasoma Kurani. Kalipa alikuwa mezani pake. Amekuwa na mvi. Nilimwomba radhi. Nilisema yote, kuhusu makaa, kuhusu Saikal, kuhusu mwezi wa nne, na kwamba nilijua. Nilisema kwa sauti kubwa, kama viziwi tunavyosema, kwa hiyo wodi nzima ilisikia. Na iwe hivyo.

Alisema kitu, sikusikia. Batma akanipigia kelele sikioni: "Anasema umezeeka!"

Nikasema kweli. Wakacheka wote. Hakusema amenisamehe, Zuura, nami sikumuuliza. Nilichojifunza kwenu ni kwamba jibu la mtu ni lake, halitiwi mkononi mwako kwa kuwa umelihitaji.

Alijaza karatasi yake. Sikuwahi kumwona mtu akifanya kazi ile. Nilizoea kumwangalia mgonjwa, sikuwahi kumwangalia mgonjwa akijiangalia. Alikuwa anafika kwenye swali, anafumba macho, anakwenda mahali fulani ndani ambako mimi kwa elimu yangu yote sikupata kuingia, anarudi na tarakimu. Kumi. Nilivua kofia bila kujijua.

Kisha akachukua karatasi nyingine, tupu, akaisukuma mbele yangu. Akaweka penseli juu yake. Nilidhani anataka nimsomee. Hapana.

"Jaza!" Batma akanipigia kelele. "Anasema ujaze wewe!"

Mwanangu, nina miaka sabini na mitatu na hakuna aliyewahi kuniuliza hata moja kati ya yale kumi. La usingizi niliandika sifuri. Akanigongea meza kwa sindano yake ya kufumia, ananitazama. Safari hii sikuwa na faili la kutazama. Nikafuta, nikaandika tatu. La moyo kubanwa nililikalia muda mrefu.

Alijumlisha mwenyewe, midomo inacheza. Ishirini na nne. Akamwomba Batma chati mpya, akaandika jina langu juu kwa herufi kubwa, akaweka nukta. Wakaibandika ukutani kwa gundi, baina ya chati yake na ya yule mchungaji wa farasi.

Nimeifikiria njia nzima ya kurudi. Nukta moja peke yake haisemi kama mtu anapanda au anashuka. Nimemwomba jirani aangalie nyuki. Basi linatoka hapa Jumatatu alfajiri, na Batma ameniambia Jumanne wanaanza saa tatu kamili, nisichelewe.

Mjomba wako,
Kemelbek